Kanyagio Lililopiga Teke

Bi. Taprandich wa Elburgon ameingia gereji Jumatatu,
matope hadi kwenye vioo, hasira hadi kooni.
"Breki za gari hili zina wazimu," asema.
"Nilikanyaga, zikanipiga teke.
Chomoa fyuzi. Miaka sitini sijapigwa,
sitaanza kupigwa na gari."

Nampa kiti, nafuta mikono.
Ilikuwa wapi?
Juu kule Mau Summit, mvua ya mawe,
lami nyeupe kama imemwagiwa chumvi,
na lori la kabeji limekingama barabara nzima.
Alikanyaga kwa mguu wote na jina la Mungu.
Chini ya boneti, krrr, krrr, mbwa na mfupa wake.
Kanyagio likatetemeka kama mgonjwa wa malaria,
naye akakata kushoto, kati ya lori na mtaro,
akasimama.

Na mayai?
Ananyamaza. Trei arobaini zilikuwa nyuma.
"Saba," asema. "Yalipasuka saba."

Nainua gurudumu kwa jeki.
Inama, mama, utazame kipete hiki:
meno arobaini na nane, nimeyahesabu kwa ukucha.
Kando yake kuna kihisi, hakizidi kidole gumba,
kazi yake kuhesabu meno yanayopita
kutwa kucha, bila kuuliza kwa nini.
Gurudumu likikwama na gari lingali linakimbia,
hesabu hukatika. Kihisi hushtaki:
huyu amelala!
Hapo sanduku hili huacha kukutii.
Vali moja hufunga njia; kanyaga utakavyo,
shinikizo halipandi.
Vali ya pili hufunguka, mafuta huipa breki kisogo,
breki hulegea kiasi cha unywele,
gurudumu huamka.
Likishaamka, hubanwa tena.
Mara kumi na tano, hata hujamaliza kusema "Mungu".
Bandu bandu, na gogo lenyewe ni mwendo wako.
Lile teke?
Ni pampu ikiyarudisha mafuta juu,
yakakugonga unyayo yakipita.

Marehemu Fundi Mukhwana hakuwa na sanduku.
Malori ya enzi zake yalitegemea mguu wa dereva,
naye alitufunza mguu huo kwa beti moja, rungu la spana mkononi:

*Kaza kidogo, legeza, shika tena, usichoke,*
*Tairi ikiteleza, iachie, izunguke,*
*Barabara ikiweza kuishika, ishikike,*
*Aliyebana milele, hana usukani huyo.*

"Hana usukani," Bi. Taprandich arudia,
kiganja chake kikikata kushoto, hewani.

Fyuzi naijua ilipo. Naweza kuichomoa gizani.
Niliwahi.
Mwaka ule wa madeni dalali wa Bondeni alileta gari la samawati,
taa ya njano inawaka kwenye dashibodi.
Hakutaka itengenezwe, alitaka inyamaze.
Nikakata uzi mmoja mwembamba. Mia tano.
Jioni likauzwa kwa kijana aliyefunga godoro jipya juu ya paa,
akanipungia mkono, akashika njia ya Kapsabet.
Sikusikia lolote.
Si habari mbaya, si njema, hakuna.
Mawe yakianza kupiga mabati yetu hapa Shabab
huacha kazi, nikahesabu meno
ya gurudumu nisiloliona.

Haya hakuniuliza, nami sikumwambia.
Nilisema tu: hiyo fyuzi sitaigusa.

Ananikazia macho. "Na likinipiga tena?"
Usiondoe mguu. Kanyaga, uelekeze.

Ameniachia trei moja, hataki kusikia ahsante.
Pale langoni, penye tope la wiki nzima,
taa zake za nyuma zinawaka ghafla, kwa makusudi.
Krrr.
Namsikia akicheka peke yake ndani ya gari.