Anayejibu

Karani wa Makadara alinipigia simu saa moja asubuhi:
"Dada Kavutha, ile lugha ya Ufilipino bado unayo?"
Ninayo. Sikuipata darasani.
Niliipata Dammam, chumba cha kufulia, miaka mitano,
kitanda cha juu changu, cha chini cha Nenita,
tukikunja mashuka ya watu na kukopeshana maneno
kama majirani wanavyokopeshana chumvi.

Kizimbani, Jovelyn. Fundi wa kucha, South B.
Anadaiwa kuiba mashine ya kukaushia rangi
na elfu arobaini za droo.
Amekana. Viatu alivyorudishiwa asubuhi havina kamba.

Hakimu anasema upesi, kama mtu anayesoma bei:
bondi ya laki tatu na mdhamini mmoja wa kiasi hichohicho,
au dhamana taslimu laki moja;
pasipoti ibaki kortini; kesi itajwe tarehe kumi na nne.
Kisha ananitazama. Zamu yangu.

Neno lao ninalijua: piyansa.
Lakini kujua jina la mto si kuuvuka.

"Nikilipa laki moja," Jovelyn ananiuliza, "kesi imekwisha?"
Hapana, mdogo wangu. Hiyo si faini.
Si ya tajiri yako, si ya hakimu,
wala si ya yule askari aliyekunong'oneza jana usiku.
Ni rehani ya miguu yako.
Ukija kila uitwapo, mpaka hukumu, utarudishiwa.
Usipokuja, serikali inaimeza
na jina lako linaanza kutafutwa.
Tunza risiti. Usiikunje ndani ya simu. Itunze.

"Na hiyo nyingine?"
Bondi hailipwi leo.
Anakuja mtu na hatimiliki ya shamba, au kitabu cha gari,
anakiacha hapa, anatia sahihi
kwamba ukitoroka wewe, anayeumia ni yeye.

"Mtu gani?"

Hapo Kitagalogi kikanipungukia.
Nikasema "mdhamini", kwa Kiswahili, mara mbili,
ya pili kwa sauti kubwa zaidi,
kana kwamba kiziwi ndiye asiyejua lugha.

Ndipo nikamkumbuka Nenita,
usiku ule bibi wa nyumba alipopoteza mkufu
na vidole vyote vikanielekea mimi, Mkamba wa jikoni.
Alisimama, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko:
*Sagot ko siya.*
Sagot, kwao, ni jibu. Jibu la swali, jibu la barua;
ni pia bili ya chai unayomlipia mwenzio.
Mkimuuliza huyu, jibu ni mimi.
(Mkufu ulionekana Alhamisi, nyuma ya friji.
Hakuna aliyeniomba radhi.)

Nikamwambia Jovelyn: mtu atakayekuwa sagot yako.
Akaelewa mara moja. Kisha akalia,
maana kuelewa si kuwa naye.

Saa nane kasorobo, akaingia mama mmoja,
Achola, muuza mapazia ya mtumba,
kucha za mkono wa kulia nyekundu,
za kushoto tupu: kazi iliyokatizwa na polisi.
Akaweka mezani kitabu cha Probox.

"Unamjuaje mshtakiwa?" karani akauliza.
"Hunishika mikono kila wiki mbili."
"Akitoroka, gari linauzwa. Unaelewa?"
"Hilo gari ndilo linalolipa karo.
Naelewa kukuzidi."

Kitabu kikapelekwa kuthibitishwa.
Maana yake, nikafasiri, ni usiku mmoja zaidi Lang'ata,
labda miwili. Sikuipunguza.
Nikamsomea karatasi yote, mstari kwa mstari,
ila penye jina la mdhamini sikufasiri kitu,
kwani alikuwa ameshaushika ule mkono wa kushoto,
akiugeuza kwenye mwanga wa dirisha,
akisema neno kwa upole.

"Anasemaje?" karani akaniuliza, kalamu tayari.

Anasema Jumamosi.
Anasema atammalizia.