Daftari la Chama cha Kuzikana

Nimelikuta chini ya pipa la kabichi, stoo ya kanisa,
jalada limeliwa na chumvi.
Mwandiko ni wa Ondrej Hudak, mpiga nguzo mgodini,
aliyejifunza kuandika ukubwani. Herufi zake
zimeshikana mabega kama watu wanaovuka mto.

*Machi 1894. Tuko kumi na tisa.
Kila mtu senti hamsini kwa mwezi.
Akifa mmoja, kila aliye hai atoe dola,
wanne wabebe. Asiyefika mazikoni
alipe faini, ila aliye zamu ya usiku.*

Basi. Bima yote ya Dunmarsh, Pennsylvania, ilianzia hapo:
kasha la sigara, kufuli tatu,
funguo kwa watu watatu wasiopendana.

Siku zile kampuni ya makaa ilileta maiti kwa toroli,
ikamlaza kizingitini, ikabisha hodi mara moja,
ikaondoka.

Sisemi walikuwa malaika.
Ukurasa wa arobaini na moja: Vasil Timko, kikohozi cheusi,
yuko nyuma miezi miwili. Jina limekatwa.
Wiki ya tatu amekufa, na mkewe hakupata kitu.
Pembeni, kwa penseli, Ondrej tena:
*Nimetoa yangu. Isiandikwe.*
Na ameiandika.

Wanawake hawamo hadi 1921,
ingawa ni wao walioosha maiti wote hawa.

Halafu akaja bwana wa takwimu kutoka Pittsburgh
na jedwali: umri huku, vifo kule.
"Kijana analipa sawa na mzee," akasema. "Mtafilisika."
Alisema kweli. Kasha likawa sefu,
sefu likawa jengo la ghorofa sita lenye lifti,
na kufa kufaana ikapata idara yake.

Kura ya mwisho niliichapa mimi, Oktoba 1998.
Chama kife, kampuni izaliwe.
Wakaniagiza: palipo na *ndugu*, weka *mteja*.
Kompyuta ilimaliza kwa kitufe kimoja,
mara mia tatu na kumi na mbili,
hadi ndani ya sala ya kufungia kikao:
*Tuwakumbuke mteja zetu waliotutangulia.*
Niliona. Sikurekebisha.

Mama alipofariki, malipo yalifika siku ya nne,
kamili, katika bahasha yenye dirisha.
Nilishukuru; sina unafiki.
Wabebaji tulikodi: wanne, glavu nyeupe.
Mmoja aliniuliza jina lake linatamkwaje.
Paraska, nikamwambia. Akalirudia vibaya,
kwa adabu.

Usiku ule nilichukua penseli,
nikafungua ukurasa wa mwisho usio na maandishi,
nikaanza kupiga hesabu ya faini:
wateja elfu sitini na mbili,
kutoa walio zamu ya usiku.