Waraka Namba Tisa

Wa kwanza ulikuja na muhuri wa zambarau,
ukatuambia tunawe.
Tukatoboa madumu ya lita tano, tukachonga vijiti,
vibuyu chirizi vikaota milangoni kama uyoga,
na Bibi Tusajigwe akaniuliza: Mtendaji, mwanangu,
mkoa umejuaje kwamba hatunawi?

Wa tatu ulikataza mikono.
Huku kwetu salamu ina mikono miwili na goti,
ina habari za ng'ombe, za migomba, za mjomba aliyehamia Chunya.
Tukasalimiana kila mtu ng'ambo yake ya mtaro,
tukipaza sauti
hadi nyumba ya tatu ikajua nani hajalala na kwa nini.

Wa tano ulifunga soko la Isongole.
Viazi vikachipua ndani ya magunia,
macho meupe yakitafuta lori.
Wa sita ulifuta wa tano, Jumanne.
Wa saba ukafuta wa sita, Alhamisi.
Mimi ndiye niliyezunguka na kipaza sauti
nyuma ya pikipiki ya Ambakisye,
ukungu umeshuka mpaka kwenye taa,
naamuru watu nisiowaona
wasikaribiane.

Msiseme mkoa ulilala.
Dereva wa gari la wagonjwa aliapa kwamba kule Mbeya
madirisha ya ofisi yalikuwa yanawaka saa tisa usiku.
Walileta mitungi minne ya oksijeni hospitali ya wilaya,
wagonjwa walikuwa kumi na mmoja.
Aliyeigawa ni rika langu. Sijamwuliza aligawaje.
Mtu huandika anachoweza kuandika.
Ugonjwa haujui kusoma.

Wa tisa ulikuja kwenye simu,
umepigwa picha kando kando, kidole cha mtu kimeziba tarehe:
Mazishi, watu wasiozidi kumi kwa wakati mmoja.
Muda, dakika thelathini.
Mtendaji atasimama langoni na kuhesabu.
Taarifa ifike kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Wa kwanza kuzikwa kwa waraka huo
alikuwa Mwalimu Subilaga,
aliyenifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi kwenye ungo,
kabla darasa letu halijaezekwa.

Walishuka njia ya migombani kimya,
vitenge kiunoni, majembe begani,
barakoa zimeshonwa usiku kwa vipande vya pazia.
Nilisimama langoni na daftari.
Moja, Lugano, mwanawe.
Mbili, mkwewe, amebeba mtoto; mtoto nikamwacha,
waraka haukusema kitu juu ya mgongo.
Saba. Nane. Tisa.
Kumi akawa Ambakisye.
Pikipiki aliizima mbali, akaja akiisukuma.

Nyuma yake walisimama.
Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyenitajia ukoo wangu.
Mvua ikaanza, ile nyembamba isiyo na haraka,
nao wakasubiri, hatua mbili kati ya mtu na mtu,
wamenyooka kuliko nilivyowahi kuwaona
siku yoyote ya mkutano wa kijiji.

Mwalimu, ulisema punje zikifika kumi
unazisogeza kando,
unaanza upya.

Nikawatoa wale kumi kwa mlango wa jikoni.
Moja, nikasema.

Saa kumi na moja na nusu nikatuma taarifa:
Mazishi yamefanyika. Walioingia kumi.
Kumi. Kumi. Kumi. Na watatu.
Wilaya ikajibu neno moja: Imepokelewa.

Sisemi nilifanya vema.
Usiku ule, na kumi na nne zilizofuata,
nililala macho wazi nikisikiliza bonde,
kikohozi kwa akina Mwaisaka, kikohozi ng'ambo ya mto,
kimoja kikavu sana karibu na kanisa,
nahesabu kama nilivyofundishwa,
na nikifika kumi
nasita.