Kipande cha Kwapani

Yanji, mwezi wa kwanza. Mto umeganda,
na mimi, Pyo Unsil, fundi cherehani nyuma ya soko la kabichi,
nina vidole vinavyojua kucheza kuliko miguu yangu.

Miaka thelathini na minane nimewashonea wachezaji.
Wachina huniletea hariri nyeupe, nyepesi kama mvuke:
"Tupe mikono ya maji, dhiraa mbili kupita kiganja."
Ikirushwa huruka, ikivutwa hurudi,
kama mtu aliyetamka neno kisha akalimeza.
Kwao kila kitu ni duara. Mwalimu Qiao Yunzhi
hunionyesha papo hapo, kati ya meza na jiko la makaa:
ukitaka kwenda kulia, anzia kushoto,
ukitaka kupanda, shuka kwanza,
na jicho liufuate mkono hadi ncha ya kidole,
hata ng'ambo ya kidole.

Sisi Wakorea tuna sketi,
pana, imefungwa juu ya kifua,
inameza miguu yote, ikabakiza ncha ya soksi nyeupe.
Kisigino hutangulia. Goti hulegea.
Kisha, kimya.
Mpiga janggo anangoja, fimbo hewani.
Ni bega tu linalopanda na pumzi, polepole,
likashuka,
na mama yangu alikuwa akisema
hapo pasipo na kitu ndipo ngoma ilipo.

Sikuwahi kuchanganya majora.
Hariri yao rafu ya juu, kitani chetu rafu ya chini.

Lakini mkasi una macho.
Sketi zilipanda sentimita tatu
mwaka ule majaji wa mashindano walipotaka kuona miguu.
Vifundo vikawa zipu.
Mchezaji mmoja akawa arobaini, sare sare,
mapepeo arobaini yakifunguka kama ua moja lililopigwa pasi.
Nimeshona hata taa ndogo ndani ya pindo, betri kiunoni,
na msichana mmoja akaniuliza, jasho likimtoka,
kama betri huweza kulipuka.
Jirani yangu husema mila inakufa.
Sijui. Kwangu kila mwaka inaleta oda.

Ndipo akaja Maeng Solmae,
mjukuu wa mpiga janggo, miaka sita chuoni Shenyang.
Kule walimwambia, wewe mtoto wa Kikorea, tuchezee pepeo.
Alipofika Seoul wakamtazama, wakanong'onezana:
mikono yake ya Kichina.
Mcheza kwao hutunzwa.
Solmae akaketi juu ya mzigo wa vitambaa, akauliza:
kwao ndiyo wapi?

Alitaka vazi moja.
Mkono wa kulia wa maji, mrefu, wa kurushwa.
Wa kushoto wetu, wenye tumbo la samaki, ukomee kiwikoni mwa mkono.
Nilicheka. Nikamwambia hiyo si nguo, ni ugomvi.
Akaacha arubuni mezani, akaondoka.

Nilikata usiku, nikafumua, nikakata tena.
Rafu ya juu na rafu ya chini zikalala meza moja.

Sikwenda kutazama. Viti vya ukumbi huniumiza mgongo.
Mwalimu Qiao alikwenda, akarudi hana maneno,
akajaribu kunionyesha, akakwama katikati ya duara,
mkono juu, akivuta pumzi.

Jumatatu Solmae alilirudisha vazi.
Limetatuka kwapani, upande wa kulia,
upande wa maji.
Nikaiweka mshono dirishani, nikaona kosa ni langu:
nilikuwa nimeukata kwa ajili ya mkono unaoruka,
nikasahau kwamba bega lile,
hata likirusha hariri ya Kichina,
hupumua pumzi ya babu yake.

Nimetia kipande cha kitani, upana wa kiganja.
Rangi haikulingana sawasawa.
Ananiuliza bei.
Namwambia, inua mkono.
Inua tena.
Sasa usifanye kitu.