Wale wa Koti

Santuri ya kwanza kutufikia
ndiyo waliyoitoa mwisho.
Mama Jebiwott alifungua bunda la makoti pale Top Market,
Obuya akavaa moja la mtu mnene, akatia mkono mfukoni,
akatoa diski isiyo na ganda, imekwaruzika kama sahani ya bweni.
Jina la bendi lilikuwa limefutwa na jasho la Marekani.
Tukawaita Wale wa Koti.
Hadi leo sina jina jingine.

Tuliiweka kwenye redio ya babake,
mfanyakazi wa kiwanda cha betri
ambaye hakuwahi kununua betri maishani mwake.
Gitaa lilikuja polepole, na fidla nyuma yake.
Mwimbaji alikuwa na sauti ya mwenye mafua,
aliimba kama mtu anayekunja nguo
huku wenzake wamelala.
Tulidhani ndivyo walivyozaliwa, wazima na wamechoka.
"Hawa wana mikopo," Obuya alisema.

Ya pili ilitoka ndani ya begi la shule, mwaka uliofuata.
Mafua yaleyale! Tulirukaruka sebuleni.
Lakini hii ilikimbia,
kila wimbo dakika mbili na ushei, kama ina mbwa nyuma.
Hii ilikuwa na picha, vijana wanne juu ya paa la gari,
mmoja amefumba macho,
na kwa herufi za sisimizi shukrani kwa mama zao.
Ndipo tulipoona tarehe, tukaelewa
kwamba tunawasoma kutoka ukurasa wa nyuma.

Nasi tukaanzisha bendi. Watu wawili,
gitaa la kanisa, uzi wa nne ukiwa waya wa breki ya baiskeli,
ndoo mbili, na kifuniko cha sufuria ya mama
kilichorudi jikoni kimepinda.
Tulirekodi nyimbo tatu juu ya kanda ya mahubiri.
Kazi yetu yote ni hiyo, dakika saba.
Katikati ya wimbo wa pili mhubiri anachomoza,
anasema, "Na tusimame,"
kisha ngoma ya Obuya inamfukia.

Kwenye ile diski ya begi
mna wimbo wa mji mdogo ambao wanaapa kuuhama.
Tuliupigia kelele kuanzia Kaptembwo hadi reli
bila kujua uzito wa kitenzi kile.
Januari ile, kina Obuya walilala Afraha uwanjani
siku tisa, kisha lori likawapeleka Kisumu.
Aliondoka amevaa koti.
Nilisimama nje ya ua, upande ambao jina langu lilinifaa,
na sikujua mtu anapunga mkono vipi
mahali kama pale.

Ya tatu ilifika kwa basi, miaka mitatu baadaye,
kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, kutoka Kibuye.
Juu yake aliandika: *Wasikilize, ni watoto.*
Na kweli. Ngoma inapotea njia, inarudi mbio.
Mtu anacheka kabla wimbo haujaisha.
Mlango unafungwa mahali fulani, mbwa anabweka,
na yale mafua, bado mabichi,
yanaimba kwamba hakuna kitakachobadilika,
hakuna, hakuna, mara nne.
Niliizima hapo.
Nilikuwa najua fidla zinakuja.

Siku hizi natengeneza cherehani mtaa wa Kanu.
Obuya anauza pampu Ahero kwa wakulima wa mpunga.
Juzi alipiga simu kuhusu spea,
tukazungumza spea, tukazungumza mvua,
kisha akauliza:
"Yule mhubiri bado yupo?"
"Yupo."
"Anasemaje?"
"Anasema tusimame."
Kimya. Halafu nikasikia huko kwake
anasukuma vitu mezani,
anatafuta cha kupiga.