Namba za Ubavuni

Magunia kumi na nne ya viazi mviringo
yamelala kwenye pochi yangu, yamebanwa kwa raba bendi,
nami nimesimama Mwanjelwa, saa mbili asubuhi,
baridi ya Juni inanikata masikio,
natazama rimu.

Zimetundikwa ukutani kama sinia za harusi:
nyeusi yenye mikono mitano,
ya kijivu yenye ukingo mpana,
na moja ya dhahabu ambayo jua likichelewa kuvuka mlima
yenyewe imeshaamka.

Gari langu ni dogo. Vitz,
lakini ile yenye herufi mbili nyekundu mgongoni,
milango mitatu, gia za mkono.
Mume wangu huliita kiatu.
Kidato cha Tatu huliita Nyigu, wakidhani sijui.
Mimi siliiti. Nalisikiliza tu, pale Mlima Nyoka,
nyuma ya malori ya Tunduma,
linavyoomba gia ya tatu kama mtoto anayeomba kwenda kucheza.

"Inchi kumi na sita," anasema Ambilikile wa dukani,
"tairi jembamba kama mkanda, Madamu.
Gari linakaa chini. Watu wananyamaza."
Sitasema uongo: moyo ulikanyaga mafuta.
Nililiona likiingia kona za Isyonje
limeibana lami kama mjusi ukutani,
la dhahabu miguu yote minne.

Tusekile, fundi wa Sae, nimekuja naye.
Nilimfundisha msuguano ubaoni, kwa chaki,
akapata D.
Leo anachuchumaa, anaishusha ile ya dhahabu,
anaitundika kwenye kidole,
anaigonga kwa spana namba kumi na saba.

Ngo.

Anagonga ya kijivu. Ngiiiiii:
sauti inatembea mpaka kwa muuza ndizi
na kurudi.

Ya dhahabu tena. Ngo.
"Hii iliwahi kupasuka, Madamu. Wameichomelea, wakaivisha."
Ambilikile anachunguza dari.
Napitisha ukucha kwa ndani, naupata mshono,
mwembamba, umepona vizuri.
Naijua mishono. Na mimi ninao mmoja, wa uzazi,
ila mimi sifungwi kwa nati nne
kushuka Igawilo usiku wa mvua.

Halafu matairi.
Tusekile ananisomesha ubavu, kidole kimejaa grisi:
mia na themanini na tano, huo upana;
hamsini na tano, kimo cha nyama;
kumi na tano, tundu la rimu.
Na hapa, ndani ya kiduara kama jicho la kuku,
tarakimu nne: wiki na mwaka wa kuzaliwa.
"Hili la mtumba, hili linalong'aa,
ni rika la mwanao."
Mwanangu yuko darasa la sita.
Mpira wa umri huo umekauka,
na asubuhi ya ukungu, lami ikitoka jasho,
haushiki barabara.
Unaisalimia tu na kupita.

Nakumbuka na njia ya Kikondo, kwenye shamba lenyewe,
mawe yamesimama kama meno.
Viazi havikupandwa kwenye lami.
Tairi jembamba lingefika mara moja,
la pili tungelibeba sisi.

Basi: ya kijivu, inchi kumi na tano,
matairi mapya, yana nywele bado.
Ambilikile anashuka, mimi napanda,
tunakutana kwenye magunia kumi na tano.
Nina kumi na nne.
Gunia la kumi na tano bado liko ardhini,
halijui kama limeshauzwa.

Tusekile anakaza nati kwa mpango wa msalaba,
hii, kisha ya mkabala, hii, kisha ya mkabala.
"Madamu," anauliza, kwa sauti yangu ya darasani,
"msuguano ni nini?"

Nikampa B, kimoyomoyo.
Kwa mdomo nikamwambia azikaze tena,
na kwenye kioo, tukiondoka,
nikaiangalia ile ya dhahabu
mpaka kona ikaninyang'anya.