Daftari la Gramu

Jumapili, kengele ya kanisa bado haijalia,
namtoa Theda kwenye friji.
Ndiyo, friji: rafu ya chini, sanduku la mbao,
udongo, majani makavu, nyuzijoto tano.
Wageni huniuliza maziwa yako wapi.
Maziwa yako jikoni. Friji hii ni ya usingizi.

Mizani yangu ni ya kupimia unga.
Kobe akiwa macho hapendi kupimwa,
huishuka na kwenda zake kwa mwendo
ambao watu husema ni wa pole;
hao hawajawahi kumfukuza chini ya kabati.
Kwa hiyo kiangazi humkalisha juu ya kopo la kahawa,
miguu minne ikipiga makasia hewani,
nami nangoja tarakimu zitulie.

Mama alianza daftari hili mwaka wa sabini na nne,
hapa hapa Emden, kwa penseli.
Theda alikuwa gramu themanini na tatu,
mdogo kuliko kipande cha sabuni.
"Leo 85." "Leo 85."
"Leo 86, amekula ua la mchunga."
Ukurasa mzima kwa gramu tatu.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila hatuambiwi mtu akishike kibaba miaka mingapi.

Themanini na moja, namba zinapanda kama zimefukuzwa.
Ni mimi huyo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
nikimpa mkate na ndizi kwa siri,
nikidhani kukua upesi ndiko kukua vizuri.
Gamba likaota vichuguu.
Mama aliandika: "+140. Hii si afya, ni haraka."
Vichuguu bado vipo. Nikimpapasa gizani
vidole vinausoma mwaka.

Novemba: 1412, ameogeshwa, tumbo tupu.
Desemba: 1406.
Januari: 1399.
Usingizi hulipiwa hivyo, kidogo kidogo,
kama mjane anayeishi kwa akiba yake.

Leo: 1268.

Nimepima tena. 1268.
Nimebadilisha betri, nimepima pakiti ya sukari,
sukari imesema kweli: kilo moja.
Nimetia mkono sandukuni. Udongo umelowa.
Amekojoa usingizini
maji aliyojiwekea kwa msimu mzima.
Kanuni ya Mama iko ndani ya jalada,
imepigiwa mstari mara mbili:
"Sehemu ya kumi ikipotea, mwamshe. Usibishane."

Sibishani. Ila nimefungua kurasa zake za mwisho,
zile zenye safu ya pili isiyo na kichwa.
Miaka yote nilidhani ni makosa ya mzee.
58. 56. 53. 51.
Kilo, si gramu. Septemba hadi Desemba.
Na mimi nilikuja kila Jumapili,
nikala keki yake, nikamsifia shali mpya
aliyojifunga mara mbili kiunoni,
nikauliza, "Na kobe, anaendeleaje?"
"Vizuri," alisema. "Amelala."

Beseni. Maji ya vuguvugu hadi chini ya kidevu.
Dakika tano, hakuna kitu.
Dakika kumi, jicho moja, jeusi, lenye lawama.
Kisha kichwa kinazama na koo linaanza kazi,
linapanda, linashuka, linapanda.
Nje nyasi ziko chini ya theluji,
hakuna mchunga wa kuchuma; nitanunua endivi,
taa itawaka hadi Machi, bili ije tu.

1301, naandika. Amekunywa.

Mizani ya bafuni iko hapo mlangoni, ina vumbi.
Navua viatu, napanda,
nangoja tarakimu zitulie.
Naandika safu ya pili, na juu yake, kwa wino:
Wiebke.
Nikigeuka, beseni ni tupu,
na alama za maji zinaelekea chini ya kabati.